Kwa nini Keza haina mifupa ya kale na Olduvai imejaa

Watu wa Ngara wakishajua unasoma mambo ya miamba na mifupa ya kale, swali la kwanza huwa lile lile: sasa huku kwetu mbona hamchimbi? Ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Hebu fikiria. Hifadhi tunayo: mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na sehemu yake iko Ngara na Biharamulo. Wanyama tunao, mito tunayo, milima tunayo. Lakini ukifungua kitabu cha historia cha kidato cha kwanza, zamadamu wote na wanyama wao wa ajabu wako kule Ngorongoro. Keza haitajwi. Eti mababu wa tembo na viboko walipita Olduvai tu, huku hawakufika?

Walifika. Shida ni kwamba hawakuacha risiti. Na kuelewa kwa nini hawakuacha ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuelewa kwa nini Olduvai ni mahali pa pekee.

Tuanze na mawe yenyewe. Ukipanda kilima chochote kirefu cha Keza utakanyaga mwamba mgumu, mweupe au wa kijivu, unaometameta ukipasuka. Huo zamani ulikuwa mchanga wa pwani au wa bahari ya kina kifupi. Chini yake, mabondeni, kuna mwamba laini unaochanika kama kurasa za daftari. Huo ulikuwa tope. Mchanga na tope hilo vilifukiwa, vikabanwa, vikapikwa na joto la ardhini, vikakunjwa kama mkeka. Wanajiolojia wanaiita miamba ya Karagwe-Ankole, na inaanzia kwetu ikaingia Burundi, Rwanda na Uganda. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni moja. Ile nikeli ya Kabanga, hapo hapo Ngara, ilipenya ndani ya mashapo hayo ikiwa uji wa moto takriban miaka bilioni 1.4 iliyopita.

Sasa linganisha. Wanyama wenye magamba na sehemu ngumu za mwili walianza kujaa baharini yapata miaka milioni 540 iliyopita. Kwa hiyo wakati tope la Keza linatulia, dunia nzima ilikuwa haina samaki, haina konokono, haina hata mdudu. Kulikuwa na viumbe vidogo vya kuonekana kwa hadubini na utando wa kijani majini, basi. Ukitafuta mfupa ndani ya mawe hayo ni sawa na kutafuta SMS kwenye barua za mkoloni. Teknolojia yenyewe ilikuwa bado.

Utasema, sawa, hayo ni mawe. Je, udongo ulio juu ya mawe? Huo ni mpya zaidi, na hakika wanyama wamezikwa humo. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Chukua nyamera mmoja aliyekufa leo Burigi. Fisi watafika, tai watafika, mifupa mingine itavunjwa ili kula uboho. Inayobaki inapigwa na jua mchana na umande usiku. Tangu katikati ya miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Anna Behrensmeyer, amefuatilia mizoga ya Amboseli, Kenya, mwaka hadi mwaka, akiangalia mfupa unavyopasuka nyufa, ukachanika, ukawa unga. Alichokiona ni kwamba mfupa mkubwa ulioachwa juu ya ardhi, kwa kawaida, haumalizi hata miaka ishirini kabla ya kusambaratika. Nyamera wetu akikosa kufukiwa ndani ya muda huo, historia yake imekwisha.

Na akifukiwa? Kwetu mvua ni nyingi na imenyesha hivyo kwa muda mrefu. Maji yanayopenya udongoni yanasomba chokaa na kuacha tindikali, ndiyo maana shamba lisilopata samadi wala majani ya migomba linachoka haraka. Tindikali hiyo inayomsumbua mkulima ndiyo inayomeng'enya mifupa, maana mfupa nao ni madini ya kalisi. Mifupa inayeyuka kimya kimya ndani ya udongo mwekundu, bila shahidi.

Ushahidi wa hilo upo, na uko jirani. Kaskazini, pale Mto Kagera unapokaribia ziwa, upande wa Uganda kuna ghuba inaitwa Sango. Miaka ya 1920 mwanajiolojia E. J. Wayland alikusanya hapo zana za mawe za zamani, nzito, za kuchongea na kuchimbia. Zikawa maarufu kiasi kwamba leo zana za aina hiyo zikipatikana popote Afrika ya Kati zinaitwa za Kisango. Maana yake watu waliishi katika bonde hili la Kagera kwa vizazi na vizazi, wakawinda, wakala. Mawe yao yapo kwa mamia. Mifupa ya walichokula, karibu hakuna. Jiwe halijali tindikali.

Kwa hiyo ili mnyama awe kisukuku anahitaji bahati tatu kwa mpigo: afukiwe haraka, afukiwe kwenye kitu kisicho na tindikali, halafu, baada ya muda mrefu sana, ardhi ipasuke au imomonyoke ili sisi tumwone. Afrika Mashariki kitu kinacholeta bahati ya kwanza na ya pili pamoja ni majivu ya volkano. Angalia hata ziwa letu: upande wa mashariki, kisiwa cha Rusinga nchini Kenya, kulikuwa na volkano ya Kisingiri, na mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapo fuvu la Proconsul, nyani-mtu wa karibu miaka milioni 18 iliyopita. Upande wetu wa magharibi hatukuwa na volkano ya kutumwagia majivu. Ziwa ni moja, kumbukumbu ni tofauti.

Basi tuvuke twende Ngorongoro.

Jina la Olduvai kwanza. Ni neno la Kimaasai, oldupai, yaani mkonge pori unaoota kwa wingi pale, lililosikiwa vibaya na mgeni likaandikwa vibaya, likabaki hivyo. Mgeni mwenyewe alikuwa daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, aliyepita mwaka 1911. Wanasimulia kwamba alikuwa anafukuza kipepeo nusura atumbukie korongoni. Kama ni kweli au ni chumvi, mimi sijali sana, maana kilicho hakika ni kwamba alirudi Berlin na mifupa, na miongoni mwake kulikuwa na ya farasi wa kale mwenye vidole vitatu, Hipparion. Hilo likatosha. Mwaka 1913 akatumwa Hans Reck, akakusanya mamia ya mifupa pamoja na kiunzi cha binadamu alichodai ni cha umri mmoja na wale wanyama. Ubishi wa kiunzi hicho ulidumu miaka karibu ishirini, mpaka ikabainika ni kaburi la mtu wa juzi tu, kama miaka 17,000 hivi, lililochimbwa ndani ya tabaka la zamani. Mzigo wote ulikwenda Berlin, mji ule ule uliokuwa ukipokea mijusi wa Tendaguru kutoka Lindi.

Korongo lenyewe lina kina cha karibu mita 90, na ni kama keki iliyokatwa kisu. Chini kabisa ni mwamba wa volkano wa miaka milioni 2 hivi. Juu yake matabaka yamepangana, moja juu ya jingine, ya tope la ziwa, mchanga wa mto na majivu. Zamani palikuwa na ziwa la magadi, na milima ya Ngorongoro mashariki yake ilikuwa ikilipuka mara kwa mara. Ziwa likitanda linafukia, mlima ukilipuka unafukia. Magadi na majivu havina tindikali. Baadaye ardhi ikapasuka kwa mivutano ya Bonde la Ufa, mto ukapata mteremko, ukachimba. Bahati zote tatu, sehemu moja.

Na majivu yana faida nyingine ambayo ndiyo iliyoipa Olduvai heshima. Yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Pima agoni, unapata umri. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona meno yamechomoza kwenye mteremko, yakawa ya fuvu ambalo mumewe Louis alilipa jina Zinjanthropus. Mwaka 1961 majivu ya pale yakapimwa: miaka milioni 1.75. Wasomi wengi walikuwa wanakisia umri usiofika hata nusu ya huo. Fuvu lenyewe lilirudishwa Tanzania mwaka 1965, na liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka ule ule wa 1959 ndipo Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilipoanzishwa, zaidi ya kilomita za mraba 8,000, likiwa na wafugaji, wanyamapori na mabaki ya kale humo humo.

Sasa kinachoniudhi kidogo kwenye vitabu vyetu: fuvu linachukua kurasa zote, wanyama wanapewa mstari mmoja. Wakati Zinj bila wanyama ni picha ya paspoti tu. Ukitaka kujua aliishi wapi na vipi, waulize wanyama.

Muulize kwanza Pelorovis. Ni nyati, lakini nyati wa ndoto mbaya: upana wa pembe zake, ncha kwa ncha, ulizidi mita mbili, na hapo tunapima kiini cha mfupa bila ile ala yenyewe ya pembe. Reck alipomwelezea mwaka 1928 alimfananisha na kondoo wa kutisha, na jina ndilo hilo kwa Kigiriki. Kulikuwa na Deinotherium, ndugu wa mbali wa tembo, ambaye meno yake hayakutoka taya la juu bali la chini, yamejipinda kuelekea ardhini kama majembe mawili. Kulikuwa na Sivatherium, jamaa wa twiga mwenye shingo fupi, kifua cha ng'ombe dume na pembe pana. Kiboko Hippopotamus gorgops alikuwa na macho yaliyoinuka juu ya kichwa kiasi kwamba angeweza kuzama karibu wote na bado akakuona. Nyani Theropithecus oswaldi, dume lake likakua kwa uzito wa mtu mzima au zaidi, alikuwa anakula majani ya ardhini kama mbuzi. Jamaa yake aliyebaki leo yuko nyanda za juu za Ethiopia tu. Ngiri walikuwepo wakubwa kuliko ngiri yeyote unayemjua. Na heroe wa kando ya ziwa, mifupa yao ipo pia, ndiyo inayotuambia maji yalikuwa ya magadi.

Halafu kuna mamba. Huyu ninamtaja peke yake kwa sababu ya Mtanzania aliyemfanyia kazi, Jackson Njau. Yeye na mwenzake walichunguza mizoga iliyoliwa na mamba wa kufugwa, wakajifunza alama gani meno ya mamba yanaacha mfupani, maana haziko sawa na za simba au fisi. Mamba hatafuni, anabana na kuzungusha. Kisha wakarudi kwenye visukuku vya Olduvai. Mguu mmoja wa zamadamu, na unyayo mwingine, vina alama hizo hizo. Mwaka 2010 mamba huyo alipewa jina rasmi, Crocodylus anthropophagus, mamba mla watu. Kwa hiyo ukisikia zamadamu alikuwa mwindaji hodari, kumbuka na upande wa pili: akienda kunywa maji, kuna aliyekuwa anamsubiri.

Kusini ya Olduvai, kama kilomita 45, kuna Laetoli. Huko hadithi ni ya nyayo, na ni nzee mara mbili: miaka milioni 3.66. Mwaka 1976 mtafiti Andrew Hill na wenzake walikuwa wanarushiana kinyesi kikavu cha tembo kwa mchezo (ndiyo, maprofesa), akaanguka akikwepa, na akiwa chini akaona ardhi ina vijishimo. Vingine vilikuwa nyayo za wanyama. Vingine vilikuwa alama za matone ya mvua.

Jaribu kuipata picha. Volkano imemwaga majivu laini juu ya uwanda. Mvua ya rasharasha ikanyesha, ya mwanzo wa masika pengine, majivu yakawa kama saruji mbichi. Wanyama wakapita: kanga, sungura, digidigi, faru, tembo, twiga, Hipparion jike na mtoto wake. Jua likakausha. Majivu mengine yakaja juu yakafunika. Maelfu ya nyayo zikabaki, siku chache za uwanda mmoja zikiwa zimegandishwa. Mwaka 1978 Paul Abell akaona unyayo wa kisigino kilichofanana na cha mtu. Mary Leakey akampa Ndibo Mbuika kazi ya kufuatilia, ikatokea njia ya karibu mita 27 ya zamadamu watatu, wakitembea wima kwa miguu miwili. Wakati huo hapakuwa na zana ya jiwe hata moja Laetoli. Yaani tulisimama wima kwanza, ufundi wa mikono ukaja baadaye. Hakuna mfupa ungeweza kusema hilo waziwazi hivyo.

Mwaka 2019 nyayo nyingine, zilizokuwa zimeonekana tangu 1976 na baadhi ya wataalamu kuzidhania ni za dubu, zilifukuliwa upya na timu iliyokuwa na Mtanzania Charles Musiba, na mwaka 2021 wakatangaza kuwa ni za zamadamu mwingine, wa mwendo tofauti. Kabla ya hapo, Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichimba mashimo ya majaribio, kwa sababu kulikuwa na mpango wa kujenga makumbusho pale na sheria inataka ardhi ikaguliwe kwanza. Ndani ya mashimo wakakuta nyayo za zamadamu wengine wawili, mmoja wao akikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165 hivi. Taarifa ilitoka Desemba 2016. Tafakari: ujenzi wa kuzionyesha nyayo za zamani ungeweza kuzivunja nyayo mpya.

Hapo ndipo ulipo mvutano wenyewe. Zile nyayo za 1978 huwezi kuziona. Zimefukiwa, makusudi. Mwaka 1979 zilifunikwa kwa mchanga na mawe ili zisimomonyoke, lakini mchanga ulikuja na mbegu za migunga, na miche ikaota juu yake. Miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani walifungua, wakaua mizizi na kuitoa kwa uangalifu, wakarekodi kila unyayo, kisha wakazifukia tena chini ya tabaka za mchanga na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Tangu hapo mjadala haujaisha. Wapo wanaosema urithi uliofukiwa haumfaidishi mtu: mtoto wa Kitanzania anaona nakala, mtalii anaona nakala, na kijiji cha jirani hakipati kitu. Wapo wanaosema ukifungua, mvua, joto na unyevu vitamaliza kwa miongo michache kilichodumu miaka milioni 3.66.

Mimi niko upande wa kufukia, na sisemi hivyo kwa raha. Majivu yale ni laini, na nyumba ya makumbusho inahitaji umeme usiokatika, fundi asiyehamishwa na bajeti isiyocheleweshwa kwa miaka mia. Tunajuana. Lakini kufukia bila kufundisha nako ni kuiba. Leo nyayo zinaweza kupigwa picha za pande tatu na nakala kuchapwa kwa plastiki. Nakala moja ingetosha kuzunguka shule za Ngara na Biharamulo muhula mzima, wanafunzi wakapima mguu wao wenyewe juu yake, bila jiwe hata moja kuguswa Laetoli.

Turudi Keza, maana bado hatujamaliza na lile swali. Nimesema mfupa wa kale sana hautapatikana kwenye vilima. Lakini mabonde yetu ya matope, yale yenye mafunjo na udongo mweusi ulioshikamana, ni kitu kingine kabisa. Ndani ya mboji hewa haiingii, na chavua za mimea hukaa humo tabaka kwa tabaka. Upande wa pili wa mpaka, Burundi, kwenye kinamasi cha Kashiru, watafiti walichomoa mhimili wa tope na kusoma chavua za miaka 40,000: jinsi misitu ilivyorudi nyuma kipindi cha baridi na ukame, nyasi na vichaka vya milimani vikashuka, kisha msitu ukarejea mvua ziliporudi. Vilima vile na vyetu ni vya mwamba mmoja na mvua moja. Chavua haina pembe za mita mbili, lakini nayo ni kisukuku.

Kwa hiyo wewe unayefyatua matofali, unayechimba mfereji wa mpunga au kisima bondeni: ukikuta mfupa mzito isivyo kawaida, jino kubwa, jiwe lililochongwa pande mbili, au gogo jeusi lililozama kwenye mboji, usilitoe. Likitoka mahali pake bila kumbukumbu, nusu ya habari imekufa. Piga picha ukiweka jembe au kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, andika kina na jina la bonde, kisha mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji na ofisa utamaduni wa wilaya ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964 na inalinda vitu hivyo hata vikiwa shambani kwako. Kama ni kiangazi na ukuta wa shimo umeanza kukauka, ufunike kwa majani mabichi ya mgomba mpaka waje.